Mstari wa Shingoni

Watu wa jumuiya yetu hapa Laurel, nje kidogo ya Washington, wakinikuta dukani hunisalimia kwa adabu, kisha hugeuka kutafuta mchele. Wanadhani naona aibu. Sioni aibu hata kidogo. Nina hasira, na nimeamua kuiandika ingali moto, maana hasira ikipoa watu huigeuza kichekesho wakaisimulia harusini.

Jambo lenyewe ni darasa la dada yangu. Juma zima dada huwatunza wazee majumbani mwao. Huwaogesha, huwalisha, huwageuza kitandani, na huitika wanapomwita kwa jina la mtumishi aliyekuwepo kabla yake. Jumapili asubuhi huvaa baibui lake zuri na kwenda kwenye ukumbi mdogo ambao jumuiya hukodi, chini ya majengo ya ghorofa ng'ambo ya barabara kuu. Akiingia, watoto husimama na kumwita Mwalimu. Ndiyo siku pekee anayotembea kama alivyokuwa akitembea kwetu Tanga. Ukimnyang'anya darasa lile unamwachia mabeseni tu. Nataka hilo lieleweke kabla sijafika kwenye picha.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu wa hesabu alichukia maswali, nami sikuwa na mali nyingine. Tangu hapo nimekaa mahali pengi na sikumaliza popote. Katika eneo hili peke yake nimeosha vyombo Fairfax karibu na chuo kikuu, nimelala Columbia Heights chumba kimoja na Wakongo wawili waliokuwa wakigombana kwa Kifaransa na kupatana kwa Kiswahili, na sasa nalala kwenye kochi la dada. Siku zisizo na kazi huenda makumbusho. Washington makumbusho mengi hayana kiingilio, na ukivaa shati safi hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala unatafuta nini. Nimeona humo mifupa ya nyangumi, ndege za vita na viatu vya marais.

Siku moja ya baridi kali niliingia chumba chenye mwanga hafifu, nikakuta kurasa za vitabu chini ya vioo. Ukurasa ulionisimamisha ulikuwa wa Nabii Yunus. Ulitoka katika kitabu cha visa vya mitume kilichotengenezwa kwenye jumba la mfalme mmoja wa Uajemi, karne nyingi nyuma. Haukuzidi sahani ya chakula kwa ukubwa. Yunus anatoka kinywani mwa samaki, mtupu hadi kiunoni, mikono ameitanguliza mbele kama mtu anayepokea mtoto. Juu yake mmung'unye umeshatambaa, kila jani na mishipa yake. Malaika mwenye mbawa za rangi nyingi anamletea nguo.

Samaki ndiye aliyenichekesha peke yangu mle ndani. Nimezaliwa Tanga, samaki nawajua. Yule hakuwa wa bahari. Alikuwa samaki wa mtoni, mwenye magamba makubwa na masharubu mdomoni, wa aina ambayo fundi alimwona sokoni asubuhi na kumla jioni. Fundi aliambiwa achore samaki wa kummeza mtu, naye labda hajapata kuiona bahari, basi akamchukua huyo anayemjua akamkuza. Nilimpenda fundi yule palepale.

Kando yake palikuwa na ukurasa mwingine, wa gharika. Nuhu yuko ndani ya jahazi na wanyama, na majini watu wanazama. Kila mmoja wa wale wanaozama alikuwa na mstari mwembamba wa wino shingoni. Kibao cha maelezo kilisema kwamba mmiliki wa baadaye aliziharibu sura hizo kwa sababu za kidini.

Hapo ndipo nilipokasirika mara ya kwanza, na ilikuwa kwa kibao. Mistari ile naijua. Madrasa niliyosoma, mwalimu alikuwa akikagua vitabu vyetu vya shule. Kila picha ya kitu chenye pumzi tuliipiga mstari shingoni kwa kalamu, ili iwe kama maiti, isijidai ina roho, na kitabu kiweze kukaa katika nyumba inayoswaliwa. Tulimpiga daktari wa kitabu cha sayansi, tukampiga na mgonjwa wake. Ng'ombe wa kitabu cha kilimo tuliwachinja wote hadi ndama. Hakuna aliyesema tumeharibu vitabu. Kuharibu ni kuchoma. Aliyepiga mistari ile ya gharika alikuwa na moto jikoni kwake kama kila mtu, akauacha, akatafuta njia ya kubaki na kitabu. Tena niliangalia vizuri, pua yangu karibu na kioo: Nuhu mwenyewe hakumgusa. Kalamu ilipita kwa makafiri ikamruka nabii.

Nilitaka kumwambia mtu. Mlinzi aliniambia nirudi nyuma ya mstari wa sakafuni.

Basi nikaanza kusoma. Maktaba ya hapa ina vitabu vikubwa vya picha visivyoruhusiwa kutoka, nikawa navisomea humo humo na kamusi. Nilisoma jinsi karatasi ilivyosuguliwa kwa jiwe laini mpaka ikang'aa, jinsi brashi zilivyotengenezwa kwa manyoya ya paka, na jinsi buluu ilivyotoka kwenye jiwe lililosagwa, jiwe lililosafirishwa kutoka milimani. Mmoja alichora, mwingine alipaka rangi, mwingine kazi yake ilikuwa dhahabu tu. Vitabu hivyo havikuwekwa misikitini. Vilikaa ndani, wafalme wakavisoma na wageni wao na watoto wao. Masheikh wengi walivipinga, na mafundi nao walikuwa na adabu zao: Mtume wetu, katika kurasa nyingi, walimfunika uso kwa kitambaa cheupe na kumzungushia ndimi za dhahabu kama moto. Kila nilichosoma kilinikasirisha zaidi. Nimelelewa katika dini hii, nimepigwa viboko kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kulikuwa na Waislamu waliokaa karakanani maisha yao yote wakipaka rangi mbawa za malaika. Hata kama ni makosa, ni makosa yetu. Kwa nini niyasikie kwenye kibao cha makumbusho?

Nilimwonyesha dada picha ya Yunus kwenye simu. Alikuwa akichambua maharage.

"Huyu nani?"

"Nabii Yunus."

"Astaghfirullah," alisema, kisha akaivuta simu karibu na macho. "Mbona samaki ana masharubu kama mjomba?"

Nilimweleza habari ya samaki wa mtoni. Akaniuliza yule malaika ameshika nini. Nikamwambia ni nguo. Akarudia, "Amemletea nguo," akaacha maharage.

Shida yake naijua. Watoto wale wanakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na wakisimuliwa visa vya mitume hutazama saa ya ukutani. Wamezoea kuona. Mwisho dada akasema, "Nichapishie. Kubwa." Nilikwenda kwenye duka la kuchapa nikamletea Yunus wa ukubwa wa mkeka wa kuswalia mtoto.

Jumapili ile nilikuwa nyuma nikipanga viti. Dada alikisimulia kisa chote kwanza kwa mdomo, mpaka giza la tumbo la samaki, ndipo akaikunjua picha. Watoto walisogea wenyewe. Msichana mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama mle ndani mtu anaweza kupumua. Mwingine akataka kujua kwa nini malaika ameleta nguo badala ya chakula.

"Kwa sababu alikuwa uchi," dada alisema. "Na Mungu akishamsamehe mtu, hamwachi uchi mbele za watu."

Wakakaa kimya wakitazama. Sijawahi kuona watoto wale wakikaa kimya bila kutishwa. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, alikuja kumchukua mwanawe, akasimama mlangoni, akapiga picha. Aliiweka kwenye kundi la simu la jumuiya na maneno haya: "Ona vile watoto wetu wamependa dini leo, mashallah." Alifanya kwa furaha. Sina neno naye.

Kufika alasiri kundi lilikuwa linawaka. Mmoja aliandika, "Picha ya nabii madrasani? Tumefika huku?" Mwingine akasema kesho tutaletewa masanamu. Wa tatu, ambaye juu ya jina lake ameweka picha yake mwenyewe akiegemea gari na miwani ya jua, aliandika kwamba picha ni haramu bila mjadala. Bila mjadala, na huku anaegemea gari.

Kamati iliitisha mkutano Jumamosi alasiri katika ukumbi uleule. Kulikuwa na chupa za chai na sambusa, kama kwamba tumekuja kuposa. Mwenyekiti ni mtu mpole. Ana kazi nzuri ya kompyuta kwenye kampuni inayohudumia serikali, na kila anachosema hukitanguliza kwa "ndugu zangu".

"Ndugu zangu, hatukuja kumhukumu mtu. Mwalimu ni dada yetu. Tunasema tu kwamba hii si mila yetu. Hii ni mila ya Waajemi."

"Biriani nayo ni ya Waajemi," nikasema. "Kwenye harusi ya binti yako tulikula tukajilamba, hakuna aliyeuliza mila."

"Bwana mdogo, subiri zamu yako."

Dada alinikanyaga mguu chini ya meza. Sikusubiri. Nilisema yale yote yaliyokuwa yamenikaa kifuani: karakana, jiwe la buluu, mafundi Waislamu na wafalme Waislamu, na watoto wale waliosogea wenyewe. Nikamalizia kwa hili: "Sebuleni kwako, mwenyekiti, umejitundika ukutani kwa kanzu na joho, ukubwa wa mlango. Shingo yako haina mstari."

Watu waliinama kutazama vikombe. Muuguzi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mimi si nabii," mwenyekiti akajibu polepole.

"Hilo hatubishi," sauti ikatoka nyuma.

Lilikuwa jibu zuri, na ndiyo sababu lilinichoma. Ni kweli, picha ya mwenyekiti haimdanganyi mtoto yeyote kuhusu mtume. Ningeweza kukaa nikalifikiria. Lakini kabla sijakaa akatoa suluhisho lake, na suluhisho ndilo lililonitoa akili.

"Ndugu zangu, mstari," alisema, kama mtu aliyeokota kitu. "Ndugu yetu ametukumbusha vizuri. Sote tumesoma madrasa, tunajua walimu wetu walivyofanya. Mstari mmoja shingoni, picha inakuwa haina roho, na darasa linaendelea. Tumemaliza kwa amani."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Watu wakaanza kumimina chai. Walikuwa wakitikisa vichwa, naam, naam, ndivyo tulivyofanya, na mmoja akaanza kusimulia alivyompiga mstari tembo wa kitabu cha jiografia. Nilimtazama dada nikadhani atalia. Hakulia. Aliichukua picha, akaikunjua juu ya meza, akaondoa sahani ya sambusa ili isipate mafuta. Kwenye kikombe cha vifaa vya watoto alichagua kalamu nene, nyekundu, akampa mwenyekiti.

"Bismillah, mwenyekiti."

Mwenyekiti aliifungua na kuinama. Yunus alikuwa pale mezani, nusu yake bado iko ndani ya samaki, shingo ameinyoosha kuelekea nguo zake. Ncha ya kalamu ilifika juu ya shingo ile ikasimama, karibu sana, haikugusa. Nilimwona akiona. Ng'ombe ni ng'ombe, tembo ni tembo. Huyu alikuwa nabii wa Mungu, na yeye alikuwa ameinama juu yake na kitu chekundu mkononi, na njia aliyoijua ya kuitoa roho picha ni kuikata shingo.

Akanyanyuka. "Mwalimu, picha ni yako."

"Fatwa ni yako," dada akasema.

Mwenyekiti akamtazama muuguzi, aliyekuwa karibu naye.

"Usiniangalie mimi," muuguzi akasema. "Kazi yangu ni kufunga vidonda, mzee."

Mwenyekiti akamnyooshea kalamu yule wa tembo. Yule wa tembo akakumbuka kwamba hakuvaa miwani yake. Kalamu ikarudi kwa mwenyekiti, naye akabaki ameishika, wino ukimchafua kidole, watu wazima wote wakitazama ukuta. Watu haohao waliokuwa tayari kumfuta dada yangu kazi kwa ujumbe wa simu hawakuweza kuchora mstari mmoja usiozidi sindano.

Nikacheka. Kicheko kilitoka kikali, kikubwa, na sikijutii mpaka leo.

"Mchinjeni basi," nikasema. "Aliyewapiga mistari watu wa gharika alimruka Nuhu. Yule wa zamani, gizani, na taa ya mafuta, alikuwa na akili kuliko kamati hii yote."

Mwenyekiti aliifunika kalamu. Alisema darasa limesimama mpaka kamati itakapotangaza vinginevyo. Kisha akaikunja picha, taratibu, pembe kwa pembe, akaondoka nayo.

Tulikuwa garini, tumeshavuka barabara kuu.

"Alikuwa ameshindwa," dada alisema. "Angeiweka ile kalamu mezani, tungekunywa chai, yangekwisha. Wewe ukacheka."

"Walikuwa wanakudhalilisha."

"Nani alikwambia nimedhalilika? Umedhalilika wewe, ukanivika mimi."

Nilimwambia kwamba mtu asiyekasirika kwa jambo kama lile hana damu. Akaniambia damu huwa anaifua kila siku kwenye mashuka ya watu, hana haja ya kuonyeshwa.

Jumapili iliyofuata alivaa baibui lilelile zuri, akakaa jikoni. Hakwenda popote. Alipika uji akauacha ukashika ukoko. Nilizunguka chumbani nikiwatukana wanakamati mmoja baada ya mwingine, mpaka akaniambia, bila kugeuka, kwamba matusi yangu hayamfundishi mtoto yeyote alifu. Katikati ya juma alitoka kazini akapitia kwa mke wa mwenyekiti. Hakuniambia anakwenda. Alirudi amechoka, akavua viatu, akakaa kwenye kochi, yaani kitandani kwangu.

"Darasa limerudi," alisema.

"Na picha?"

"Anayo yeye, juu ya kabati la chumbani. Kuichana hawezi, kuipiga mstari hawezi, kuirudisha anaona haya. Mkewe anasema tangu iingie mle ndani mume hata kanzu havulii chumbani."

Nilitaka kufurahi. Nikamwuliza amewapa nini badala yake.

"Wewe."

"Mimi vipi?"

"Huingii ukumbini Jumapili. Nimewaambia picha ni yako, wazo ni lako, na wewe ni mtu wa njia, leo upo kesho haupo."

"Wazo la kuchapisha lilikuwa lako. Ulisema, kubwa."

"Najua nilivyosema."

"Kwa hiyo umeniuza."

"Nimekuuza," alisema, akaanza kujikanda kifundo cha mguu. "Wewe una makumbusho yako, una Fairfax yako, kesho utaona ramani utaondoka. Mimi nina lile darasa. Ungekuwa mimi ungemuuza nani?"

Nilikuwa na hasira tu, nyingi, na haikuwa na pa kwenda, maana wa kukasirikiwa alikuwa mbele yangu na miguu yake imevimba.

Sasa kila Jumapili nampeleka, kwa kuwa yeye haendeshi, na nabaki kwenye maegesho kama mwizi. Wazazi wakipita wananipungia mkono kwa adabu. Mwenyekiti huegesha mbali. Kupitia kioo cha mlango naona migongo ya watoto na mkono wa dada ukipanda na kushuka, sisikii kitu.

Jumapili iliyopita alitoka uso umechangamka. Nikamwuliza leo amefundisha nini.

"Yunus tena. Wameomba wenyewe. Wakaniuliza picha iko wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikawaambia wafumbe macho, kila mtu amchore wake kichwani."

Alilisema kama mtu anayejisifu, na huenda alistahili. Mimi nilipandwa na ghadhabu. Nikamwambia kuna mtu alisaga jiwe mpaka likawa buluu. Kuna mtu alinyofoa manyoya ya paka, akaumiza macho yake kwenye jani moja la mmung'unye, ili mtoto afumbue macho. Na leo mwalimu bora ninayemjua anawaambia watoto wafumbe, ili mwanamume mmoja asione haya mbele ya kabati lake, na kamati inaita hiyo amani. Nilisema kwa sauti na kioo cha gari kilikuwa wazi. Mwenyekiti, aliyekuwa akitafuta funguo mfukoni, alisimama, akasikia, akaendelea kutafuta.

Dada alifunga mkanda.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi malizia njiani. Nina mzee wa kuogesha mchana."

Niliwasha gari, nikaendelea.